Minara miwili na shimo la Shinkolobwe

Ukiuliza wanafunzi wa sekondari wataje minara ya ukumbusho ya ulimwengu, watataja haraka mnara wa Eiffel wa Paris, uliojengwa mwaka wa 1889 wakati Wafaransa walisherehekea miaka 100 ya mapinduzi yao, na sanamu ya Uhuru ya New York, ya mwaka wa 1886. Vile njo vitabu vinafundisha, na si vibaya. Lakini iko minara mingine miwili ambayo sisi Wakongomani, zaidi watu wa Katanga, tungepaswa kuijua kama ya kwetu, hata kama mmoja uko Ubelgiji na mwingine uko Japani.

Wa kwanza ni Atomium ya Bruxelles. Ilifunguliwa mwezi wa 4 mwaka wa 1958, katika maonyesho makubwa ya ulimwengu. Injinia André Waterkeyn alichukua namna atomu za chuma zinavyojipanga, akaikuza mara bilioni 165: mipira 9, kila mmoja una upana wa mita 18, na yote pamoja inapanda mita 102. Ilipaswa kukaa miezi sita tu, lakini watu waliipenda, wakaiacha mpaka leo. Wenye kuijenga walitaka kusema kama atomu inaweza kuleta mema: umeme, dawa, akili ya sayansi. Watu walikuwa na haja ya kusikia vile, kwani miaka 13 tu ilikuwa imepita tangu bomu la kwanza.

Karibu na Atomium ile, Wabelgiji walijenga sehemu ya Kongo. Waliweka kijiji cha nyumba za majani, na mafundi wetu wakafanya kazi ndani ya lupango mbele ya macho ya wageni. Wageni wengine waliwatupia ndizi, kama vile mtu anatupia nyani. Mafundi walikataa haya ile, wakarudi kwao mwezi wa 7, maonyesho yangali yanaendelea. Tunalikumbusha jambo hilo kila mara tunaposikia Atomium ikiitwa alama ya maendeleo ya watu wote.

Mnara wa pili haukujengwa kuwa mnara. Ilikuwa nyumba ya maonyesho ya biashara kule Hiroshima, iliyochorwa na Jan Letzel, mtu wa inchi ya Wacheki, na kumalizika mwaka wa 1915. Tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka wa 1945, saa mbili na robo ya asubuhi, bomu lilipasuka mita 600 hivi juu ya mji. Nyumba ile ilikuwa karibu mita 160 tu na fasi iliyokuwa chini ya bomu. Watu wote waliokuwa ndani walikufa. Lakini kwa kuwa nguvu ilishuka kutoka juu, kuta nyingine zilibaki zimesimama, pamoja na vyuma vya kuba lake. Wenyeji walibishana miaka mingi. Wengine walitaka libomolewe, kwani liliwarudishia maumivu. Mwaka wa 1966 baraza la mji liliamua lichungwe, na mwaka wa 1996 UNESCO ililiandika katika urithi wa ulimwengu, ijapokuwa Marekani ilijitenga na uamuzi ule.

Sasa juu ya nini tunasema minara hii inatuhusu? Juu ya Shinkolobwe, kilomita kama 20 hivi kutoka Likasi. Urani ilivumbuliwa pale mwaka wa 1915, mwaka ule ule nyumba ya Hiroshima ilimalizika. Kwanza Union Minière ilitafuta radiumu, iliyosafishwa Olen kule Ubelgiji. Mwaka wa 1940 mkubwa wa kompani, Edgar Sengier, alituma New York zaidi ya tani 1,000 za mawe yale. Mwezi wa 9 mwaka wa 1942 jeshi la Marekani liliyanunua. Shimo lilikuwa limefungwa tangu 1937 na kujaa maji. Likafunguliwa tena, na jina lake likafichwa. Sehemu kubwa ya urani ya Waamerika ilitoka pale. Wazee wetu walichagua mawe kwa mikono, hakuna aliyewaambia ni mawe gani.

Mwaka wa 1946 Sengier alipewa medali na Marekani. Kuna hata jiwe lenye kuitwa jina lake, sengierite, na lenyewe liligunduliwa Katanga! Kule Hiroshima, ndani ya mnara wa wafu, kuna vitabu vya majina, na kila tarehe 6 mwezi wa 8 wanaongeza mengine, yamepita 300,000. Hata kule haikuwa kazi nyepesi: Wakorea waliokufa siku ile walijengewa mnara wao mwaka wa 1970 nje ya bustani ya ukumbusho, na uliingizwa ndani mwaka wa 1999 tu.

Wachimbaji wa Shinkolobwe hawana kitabu. Mbele ya uhuru Wabelgiji walijaza mashimo saruji. Kisha watu walirudi kuchimba kobalti kwa mikono, kwani njaa haiogopi urani. Mwezi wa 1 mwaka wa 2004 serikali ilifunga fasi ile kwa amri ya Raisi. Mwezi wa 7 ardhi ilianguka, watu wanane wakafa.

Hatuombi mnara wa mita 102. Likasi na vijiji vya kando bado vina watoto na wajukuu wa wafanyakazi wale. Wanajua majina ya baba zao, kazi waliyofanya, na ugonjwa uliowaua. Mwalimu mmoja na wanafunzi wake, wakiwa na daftari, wangeweza kuanza wakati wa likizo kubwa, nyumba kwa nyumba, wakianza na wazee sana.