Kiingereza: «shamba lake» ni «his» ao «her»?

Juma alimwambia Zaina kwamba shamba lake limeuzwa. Shamba la nani? Kwa Kiswahili, «lake» inaweza kuwa la Juma ao la Zaina. Watu wa Kasongo wanaelewa kufuatana na mazungumuzo. Lakini mwenye kutafsiri kwa Kiingereza analazimishwa kuchagua: «his field» ni shamba la mwanaume, «her field» ni la mwanamuke. Akikosea, karatasi inamupa Juma shamba la Zaina.

Jambo hili si la masomo tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kongo iliingia mwaka 2022, inatumia sana Kiingereza, na mashirika mengi ya kimataifa yanaandika ripoti kwa lugha hiyo.

Makosa yanatoka wapi?

Wanafunzi wengi wa Kasongo na Kabambare wanaanza Kiingereza wakiwa tayari na lugha mbili. Kiswahili kinaangalia kitu: kitabu changu, shamba langu, miti yangu. Hata mwenye kusema «kitabu yangu» haonyeshi kama yeye ni mwanaume ao mwanamuke. Kifaransa nacho kinaangalia kitu: mama ya Juma ni «sa mère», juu «mère» ni neno la kike. Basi mwanafunzi anaandika «Juma and her mother». Hapana. Kiingereza kinaangalia mwenye kitu: «Juma and his mother», «Zaina and her father».

Mbele ya kuandika, uliza: ni ya nani?

- Ya mwanaume: his
- Ya mwanamuke: her
- Ya kitu, na mara nyingi ya munyama: its
- Ya watu wengi: their

Neno halibadiliki hata vitu vikiwa vingi: «her field», «her fields».

Mambo ingine tatu ya kushika

My na mine: «my» inafuatwa na jina la kitu, «mine» inasimama peke yake. «This is my bicycle», ao «This bicycle is mine». Usiandike «the bicycle of me». Ni vile vile kwa your na yours, her na hers, our na ours, their na theirs. «His» inabaki his.

Its na it's: «it's» ni kifupi cha «it is». Soko ya kijiji ni «its market», bila alama.

Mwili: kwa Kiswahili inatosha kusema «Juma amevunjika muguu». Kiingereza kinataka mwenyewe: «Juma broke his leg».

Kama karatasi ni ya shamba, nyumba ao malipo, njia ya salama ni kutaja jina: «Zaina's field». Na mutafsiri asiyejua ni la nani arudi kuuliza kwanza. Mwenye kusoma karatasi hiyo Nairobi ao London hatakuwa na Zaina karibu wa kumuuliza.