Miaka 30 ya Ugomvi Kuhusu Siri za Wagonjwa Uingereza

Januari 2026 ilitimiza miaka 30 tangu Chama cha Madaktari cha Uingereza, BMA, kilipotoa sera ya usalama wa kumbukumbu za wagonjwa iliyoandikwa na Ross Anderson, mtaalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliyefariki Machi 2024. Sera hiyo inastahili kukumbukwa, kwa kuwa iliuliza swali ambalo wajenzi wa mitandao ya afya hulikwepa hadi leo: ni nani hasa anayeruhusiwa kulifungua faili la mgonjwa?

Katika mfumo wa afya wa Uingereza, NHS, ulioanza mwaka 1948, mkazi huandikishwa kwa daktari wa familia, yaani daktari wa karibu na makazi yake ambaye humwona kwanza na kwa kawaida ndiye humwandikia rufaa ya kwenda kwa daktari bingwa hospitalini. Rufaa hizo zilikwenda kwa posta na baadaye kwa faksi, hadi kompyuta zilipoenea kwa madaktari na majibu ya maabara yakaanza kusafirishwa kwa njia ya elektroniki.

Serikali ilipojenga mtandao maalumu wa NHSnet katikati ya miaka ya 1990, ugomvi ukazuka. Wizara ilishikilia kwamba mtandao uliozuiwa wasiingie watu wa nje ulikuwa salama vya kutosha. Madaktari wakajibu, na walikuwa na haki, kwamba mvujishaji wa siri mara nyingi huwa mtumishi wa ndani au mtu anayejifanya mtumishi. Anderson, aliyesimulia mvutano huo katika kitabu chake Security Engineering, anaeleza kwamba wafanyakazi wa mamlaka moja ya afya kaskazini mwa nchi walipofundishwa mwaka 1996 kuzichunguza simu za kuulizia taarifa za wagonjwa, waligundua simu za ulaghai zipatazo 30 kila wiki.

Kwa hiyo sera ya BMA, yenye kanuni 9, ilitaka kila kumbukumbu iwe na orodha ya majina ya wanaoruhusiwa kuifungua, mgonjwa ajulishwe majina hayo, kila ufunguaji uandikwe, na mtu mmoja azuiwe kujikusanyia taarifa za watu wengi mno. Madaktari walidai pia ujumbe usimbwe, yaani ugeuzwe kuwa alama zisizosomeka isipokuwa kwa mwenye ufunguo, na BMA ikawashauri wanachama wake wasijiunge na NHSnet. Pendekezo lililotoka upande wa serikali lilikuwa Red Pike, mbinu ya usimbaji iliyobuniwa na idara ya ujasusi wa mawasiliano, GCHQ, ambayo undani wake ulifichwa, hivyo wataalamu huru hawangeweza kuipima. Kumtaka daktari akabidhi siri za wagonjwa wake kwa kufuli lililotengenezwa na majasusi lilikuwa dai lisilostahili kukubaliwa, na halikukubaliwa.

Mvutano huo ulisaidia kuzaliwa kwa kamati ya Fiona Caldicott, daktari bingwa wa magonjwa ya akili, ambayo katika ripoti yake ya Desemba 1997 ilihesabu njia 86 ambazo taarifa za wagonjwa zilipitia, ikapendekeza kila taasisi ya afya iwe na mlinzi wa taarifa hizo, cheo kilichopo hadi sasa.

Yaliyofuata ni ya kusikitisha zaidi. Mpango mkubwa wa kompyuta ulioanzishwa mwaka 2002 ulivunjwa mwaka 2011 baada ya kumeza mabilioni ya pauni, na mwaka 2018 bado hospitali za Uingereza zilikuwa na mashine za faksi karibu 9,000, hata waziri wa afya akapiga marufuku ununuzi wa nyingine. Leo barua pepe ya NHS husimbwa, na dai hilo la madaktari limetimizwa. Lakini kumjulisha mgonjwa kila jina linaloongezwa kwenye orodha ya wanaofungua faili lake hakujawa utaratibu wa kawaida, na hilo ni deni ambalo serikali zote zilizopita zimeshindwa kulilipa.