Kichakataji michoro si kadi ya michoro

Juni 2008 kampuni ya AMD ya Marekani iliingiza sokoni kadi mbili kwa ajili ya kompyuta za wacheza gemu: Radeon HD 4850 kwa dola 199 na Radeon HD 4870 kwa dola 299. Kadi zilikuwa mbili, lakini zote zilibeba kichakataji michoro cha aina moja, RV770. Agosti ikafuata HD 4870 X2, kadi moja iliyobeba vichakataji viwili. Ukiviita vyote hivyo "kadi", habari hii haisimuliki kwa Kiswahili.

Kwa Kiingereza kichakataji michoro huitwa GPU, kifupisho kilichoenea kuanzia 1999, kampuni ya Nvidia ilipokitangaza kichakataji chake GeForce 256. Wapo wanaokifasiri "kitengo cha uchakataji michoro". Sikubaliani nao. Kitengo kwetu ni sehemu ya ofisi, kama kitengo cha masoko. Hakimpi msomaji picha ya kipande cha silikoni kinachotoshea kwenye ncha ya kidole gumba. Kitenzi chakata, kwa upande wake, kimeshiba. Mkonge huchakatwa Tanga tangu zamani: jani linaingia mashineni, zinatoka nyuzi. Kwenye kompyuta zinaingia namba, inatoka picha. Tukiongeza ki- ya kifaa na -aji ya mtenda wa kila mara, tunapata kichakataji, na wingi wake vichakataji hauna tabu.

Na kazi yake ni ya kila mara kwelikweli. Skrini yenye nukta 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Gemu likionyesha picha 60 kwa sekunde, rangi za nukta zaidi ya milioni 124 hukokotolewa kila sekunde: mwanga unapiga wapi, kivuli kinaangukia nini, ukuta upi unamficha adui. Kichakataji kikuu cha kompyuta kina viini vichache vyenye nguvu. Kichakataji michoro kina vikokotozi vidogo vingi vinavyofanya kazi kwa pamoja. RV770 ilikuwa navyo 800.

Kadi ni ule ubao mzima unaochomekwa kwenye ubao mama: kichakataji, kumbukumbu yake, saketi za umeme, bamba la kupoozea na feni. HD 4850 na HD 4870 zilitofautiana hapo hasa. Ya pili ilikuwa na kasi zaidi na kumbukumbu mpya ya GDDR5, ambayo haikuwa imewahi kutumika kwenye kadi yoyote.

Tofauti hiyo ya kadi na kichakataji ndiyo iliyoiokoa AMD kwenye soko la gemu. Hali yake ilikuwa mbaya. Mwaka 2006 ilikuwa imeinunua ATI, kampuni ya vichakataji michoro ya Kanada, kwa dola bilioni 5.4; mwaka 2007 ikapata hasara ya zaidi ya dola bilioni 3, na kadi yake kubwa ya mwaka huo, HD 2900 XT, ilichelewa, ikala umeme mwingi na bado ikashindwa na mpinzani wake, Nvidia. Wahandisi wakaamua kuacha kushindania ukubwa. Walisanifu kichakataji cha milimita za mraba zipatazo 260, wakati kile cha GTX 280 ya Nvidia kilikuwa na 576. Kikiwa kidogo, vingi zaidi hukatwa kutoka kwenye kisahani kimoja cha silikoni, na vinavyotupwa kwa kasoro hupungua. Aliyetaka nguvu zaidi angepewa viwili kwenye kadi moja. Naona ni moja ya maamuzi ya kijasiri katika historia ya chipu, maana yalifanywa na kampuni isiyokuwa na fedha za kukosea tena.

Nvidia ilianza kwa kuiuza GTX 280 dola 649. Wiki chache baada ya kadi za AMD kufika madukani, iliishusha hadi dola 499.