Wauguzi Waliofundishwa Kutibu Ini

Iko homa ya ini iitwayo C. Hupita kwa damu: kwa sindano iliyotumiwa kwa watu wengi, au kwa damu isiyopimwa apewayo mgonjwa. Kijidudu chake kilitambuliwa mwaka 1989, na mpaka leo haina chanjo. Mtu aweza kukaa nayo miaka 20 bila kusikia maumivu yo yote, na kumbe ini lake linajaa makovu polepole.

Mwaka 2003 mganga wa ini Sanjeev Arora alikuwa akifanya kazi Albuquerque, katika jimbo la New Mexico, nchi ya Marekani. Wagonjwa wake walingoja miezi 8 ili kumwona. Wengine walitoka mbali, kilomita 400, tena iliwapasa kurudi mara nyingi. Maana dawa za siku zile zilikuwa kali: sindano ya interferoni kila juma, na vidonge vya ribavirini, pengine kwa majuma 48. Sindano ilileta homa na huzuni nzito, hata wengine kutaka kujiua. Vidonge viliharibu damu. Nani angethubutu kumpa mgonjwa dawa hizo, kisha kumwacha peke yake kijijini?

Basi Arora akaanza kuwafundisha waganga wa kawaida na wauguzi wa dispensari za mbali, na wa magereza pia. Kila juma, saa ile ile, walikutana kwa njia ya video. Mmoja alieleza habari za mgonjwa wake, bila kutaja jina: umri, vipimo vya damu, kama analala, kama anakula. Mganga wa ini, mganga wa akili na mjuzi wa dawa walijibu: punguza vidonge, rudia kipimo, usimwache huyu mwenye huzuni. Wengine wote walisikiliza, na hapo ndipo faida kubwa, kwa sababu shida ya mmoja leo ni shida ya mwenzake kesho.

Walijaribu kazi hiyo kwa wagonjwa 407, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Waliotibiwa katika hospitali kubwa na waliotibiwa mbali nayo walipona sawasawa: kama 58 katika 100. Tena madhara makubwa ya dawa yalikuwa machache zaidi kule mbali. Mimi sistaajabu. Anayemjua mgonjwa na nyumba yake huona upesi mambo yakiharibika.

Toka mwisho wa mwaka 2013 zikaja dawa za vidonge tu, za majuma 8 au 12, zinazoponya zaidi ya watu 90 katika 100. Kazi ikawa nyepesi. Huko Washington, waganga wa kawaida na wauguzi wenye elimu ya juu walifundishwa saa 3 tu. Habari za wagonjwa 600 zilizotolewa mwaka 2017 zilionyesha kwamba wale wa wauguzi walipona 89 katika 100, na wale wa mabingwa 84. Kwa jirani zetu wa Rwanda, serikali ilitangaza mwezi wa Desemba 2018 mpango wa kuumaliza ugonjwa huu, na wauguzi wa vituo vya afya wakaingizwa kazini.

Kisha likaja pigo la korona, lililotangazwa kuwa la dunia nzima tarehe 11 Machi 2020. Safari zikakatazwa, mahospitali yakajaa, na mahali pengi vipimo vya ini vikasimama. Aliyehitaji bingwa wa mji mkuu alifungiwa njia. Aliyekuwa na mwuguzi mwenye ujuzi karibu naye aliweza kupewa vidonge vya miezi kadhaa na kuulizwa hali kwa simu. Na darasa lile la video lililoanzishwa kwa ajili ya ini likatumiwa Marekani, mwaka ule ule, kuwafundisha watunzaji wa wazee namna ya kujikinga na korona.

Mwezi wa Juni 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kwa nchi zote: homa ya ini C ipimwe na kutibiwa mahali pamoja, karibu na watu, na wauguzi wenyewe waifanye kazi hiyo.