Teredo, Deheni na Tope la Bandari ya Kale

Teredo ni mnyama wa bahari wa ukoo mmoja na kombe na chaza, ijapokuwa mwili wake mrefu na laini humfanya afanane na mnyoo. Kwa karne nyingi ndiye aliyetafuna mbao za majahazi, mashua na mitepe iliyotia nanga katika Bandari ya Kale ya Mombasa. Mtoto wake, mdogo kama chembe ya mchanga, hujishikiza kwenye ubao ulio majini, kisha huutoboa kwa magamba mawili madogo yenye makali kama ya tupa. Tundu la kuingilia ni dogo mno. Ndani, mnyama hurefuka na kunenepa, huku akiacha nyuma mfereji uliosakafiwa kwa chokaa. Ubao huonekana mzima kwa nje, lakini ukibonyezwa kwa kidole humomonyoka.

Mbao peke yake hazingemlisha. Seli za matamvua yake zimejaa bakteria, nao ndio hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja selulosi, ambavyo husafiri hadi tumboni. Bakteria hao pia hunasa naitrojeni, kirutubisho kilicho haba mno katika mbao. Waliooteshwa maabara kwa mara ya kwanza walielezwa mwaka 1983. Mwaka 2002 wakaitwa Teredinibacter turnerae, kwa heshima ya Ruth Turner, mtaalamu wa Marekani wa viumbe hawa.

Mabaharia wa Mombasa walipambana na madhara ya ushirika huo bila kuwaona bakteria, na dawa yao ilikuwa ya busara. Chombo kilisogezwa pwani wakati wa bamvua na kutegemezwa kwa gadi. Maji yalipokupwa, mafundi waliukwangua upande wa chini, wakakalafati kwa pamba iliyotiwa mafuta, kisha wakapaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, kwa viganja vya mikono kuanzia kwenye mkuku. Mbao za juu zilipakwa sifa, mafuta ya papa, yenye harufu iliyotangulia chombo kabla hakijaonekana vizuri. Deheni ilimzuia mtoto wa teredo kuufikia ubao, lakini ilichubuka kwa mawimbi, hivyo kazi ilirudiwa mara kwa mara. Vyombo vilivyokuja na kaskazi kutoka Ghuba, Oman na Kutch vilingoja kusi ndipo virudi, na mafundi wa bandarini waliutumia muda huo.

Meli ambayo haikupata tena matunzo hayo ni Santo António de Tanná ya Wareno, iliyoundwa Bassein, India. Ilizama mwaka 1697 mbele ya Fort Jesus, wakati ngome ilipokuwa imezingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Kuanzia 1977 hadi 1980 wapiga mbizi wakiongozwa na Robin Piercy waliifukua, kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mbao zilizobaki wazi majini zilikuwa zimekwisha; zilizofunikwa na tope zilisalimika. Ndani ya tope hakuna oksijeni, na bila oksijeni teredo hufa.

Tope hilohilo lina uhai wa namna nyingine. Kwenye mikoko ya hori la Tudor, hapohapo Mombasa, mguu ukizama, hupanda harufu ya yai viza: ni gesi ya haidrojeni salfaidi, sumu kwa wanyama wengi. Kombe wa jamii ya Lucinidae, wanaofukia miili yao katika tope na mchanga wenye majani ya bahari kote Bahari ya Hindi, huwafuga bakteria katika matamvua wanaoiunguza gesi hiyo kwa oksijeni ya maji yaliyo juu ya tope na kutumia nishati yake kutengeneza chakula. Huo ni usanisikemia, usiohitaji mwanga wa jua. Uliwashangaza wataalamu baada ya chemchemi za moto za Galápagos kugunduliwa mwaka 1977, mwaka uleule kazi ya mbele ya Fort Jesus ilipoanza.

Mwaka 2017 ilithibitishwa kwamba ukoo wa teredo nao una mshiriki wa namna hii. Kuphus polythalamius, jitu la ukoo huo lililochunguzwa likiwa hai Mindanao, Ufilipino, huishi topeni badala ya kwenye mbao, na matumbo yake yamesinyaa kwa sababu bakteria wa salfa humlisha. Watafiti wanaona kuwa babu zake walikula mbao, na kwamba mbao zilizozama na kuoza, zinazotoa gesi hiyohiyo, ndizo zilizowavusha kutoka kwa bakteria wa selulosi hadi kwa bakteria wa salfa.