Hewa isiyotoka: historia ya kupima pumzi

Al Nahda, mtaa wa Dubai unaopakana na Sharjah, ni mtaa wa maghorofa marefu yaliyojengwa juu ya ardhi tambarare. Mkaazi wake huweza kushuka kwa lifti hadi kwenye gari lake na kurejea jioni bila kutweta hata mara moja. Katika mazingira kama hayo, maradhi sugu ya mapafu huweza kujificha kwa miaka mingi. Mgonjwa akiulizwa iwapo hupata shida ya kupumua hujibu kwamba hapati, kumbe ameacha tu kutembea.

Ugumu wa kuyapima maradhi haya ni wa siku nyingi. Mwaka 1846, daktari wa Kiingereza John Hutchinson alieleza chombo chake cha kupimia pumzi, spirometa, baada ya kuwapima watu zaidi ya 2,000, wakiwemo mabaharia na askari polisi. Chombo hicho kilipima hewa inayotoka mapafuni. Lakini kwa mtu ambaye njia zake za hewa zimebanwa kutokana na moshi wa tumbaku au vumbi la kazini, kinachomtesa ni hewa isiyotoka. Anapoharakisha, huvuta pumzi ya pili kabla ya kumaliza kuitoa ile ya kwanza. Kifua hujaa na kutanuka, na nafasi ya kuvuta tena hupungua. Mwenyewe huhisi kwamba hewa haiingii.

Hewa hiyo inayobaki iliwahi kukadiriwa mwaka 1800 na mwanakemia Humphry Davy, aliyejipima kwa kuvuta haidrojeni. Mwaka 1956, nchini Marekani, Arthur DuBois na wenzake walieleza njia ya kuipima haraka kwa kumketisha mgonjwa ndani ya kijumba kilichofungwa na kufuatilia mabadiliko ya shinikizo la hewa.

Hata hivyo, mashine haielezi jinsi mgonjwa anavyoishi. Katika miaka ya 1950, daktari Charles Fletcher, aliyewachunguza wachimba makaa ya mawe wa Wales, alipanga maswali mepesi: je, mtu hutweta apandapo mwinuko? Huachwa nyuma na watu wa rika lake? Hutweta hata avaapo nguo?

Al Nahda haina vilima kama vya Wales. Huko, swali la kumuuliza mgonjwa ni hili: siku lifti ilipoharibika, ulisimama kupumzika kwenye ghorofa ya ngapi?