Kabla Jaji Hajapita: Historia Fupi ya Tidy Towns ya Ayalandi

Kila mwaka, kuanzia mwezi Juni, kuna watu nchini Ayalandi wanaopita mijini na vijijini bila kutoa taarifa. Hawapigi hodi, hawasindikizwi na diwani, hawaandaliwi chai. Wanashika ramani waliyotumiwa na wenyeji, wanatembea mtaa kwa mtaa, wanaandika, wanaondoka. Hao ni majaji wa Tidy Towns, mashindano ya taifa ya unadhifu na uzuri wa makazi yaliyoanza mwaka 1958. Kwa kuwa hakuna anayejua siku yao, kijiji hulazimika kuwa tayari majira yote ya joto, na wanaokiweka tayari ni wanakamati wasiolipwa hata senti moja.

Mashindano haya yalizaliwa wakati mgumu. Ayalandi ya miaka ya 1950 ilikuwa nchi ya watu kuaga. Katika muongo huo mmoja waliondoka watu wapatao 400,000, wengi wakielekea Uingereza kutafuta kazi za ujenzi, uuguzi na viwandani, na sensa ya mwaka 1961 ilikuta watu milioni 2.8 tu, idadi ndogo kuliko zote tangu nchi ipate uhuru wake mwaka 1922. Vijiji vilibaki na wazee, maduka yaliyofungwa na kuta zilizobanduka rangi. Serikali ilihitaji fedha za kigeni, na fedha hizo zilitarajiwa kwa watalii, hasa Wamarekani wenye asili ya Ayalandi. Mwaka 1953 likazinduliwa tamasha la majira ya kuchipua lililoitwa An Tóstal, nia ikiwa kuwavuta wageni kabla msimu wa kawaida haujaanza. Sambamba nalo ilikuja kampeni ya kusafisha miji, ili mgeni asikute uchafu barabarani.

Mjini Dublin tamasha hilo liliacha kumbukumbu chungu. Kwenye daraja la O'Connell liliwekwa bakuli kubwa lenye miali ya plastiki ikiwaka taa za rangi. Wakazi wakalikejeli tangu siku za mwanzo, na haukupita muda mrefu bakuli likatupwa mtoni Liffey. Nalitaja tukio hili kwa sababu linaonyesha kilichotenganisha vitu vilivyodumu na visivyodumu katika An Tóstal. Pambo lililobuniwa ofisini na kupandishwa darajani halikumaliza hata msimu. Yaliyobaki ni yale ambayo watu waliweza kuyafanya wenyewe: tamasha la kwaya la Cork la mwaka 1954, tamasha la tamthilia la Dublin la mwaka 1957, na ile kampeni ya usafi, ambayo mwaka 1958 bodi ya utalii, Bord Fáilte, iliigeuza kuwa mashindano ya kudumu.

Mwaka huo wa kwanza vilijiandikisha vijiji na miji 52. Mshindi akawa Glenties, kijiji cha kaunti ya Donegal, huko kaskazini-magharibi ambako mabonde na mito hukutana na ambako uhamaji uliuma kuliko sehemu nyingi. Glenties ikashinda tena mwaka 1959, tena 1960, tena 1962. Anayejua tamthilia ya Brian Friel, Dancing at Lughnasa, tayari anakijua kijiji hiki kwa jina lingine, kwani Friel aliichota hadithi yake ya dada watano kutoka kwa mama yake na mama zake wadogo na wakubwa wa hapo Glenties, na katika tamthilia hiyo dada wawili huishia kuondoka kwenda London. Kwa hiyo ushindi wa 1958 haukuwa wa mahali palipojaliwa fedha na bustani. Ulikuwa wa watu waliobaki, walioamua kwamba pao hapatakaa kama mahame.

Kamati hizo hazikuanzia hewani. Ayalandi ilikuwa na desturi ya kale ya meitheal, ambapo majirani hukusanyika kumvunia mmoja leo na mwingine kesho. Kulikuwa na chama cha wanawake wa vijijini kilichoanza mwaka 1910, na kulikuwa na Muintir na Tíre, harakati ya kujitegemea vijijini iliyoasisiwa na padri John Hayes katika miaka ya 1930. Sisi tuliokulia kwenye msaragambo, harambee au umuganda tunaitambua mara moja roho hiyo. Lakini msaragambo wa kuchimba mtaro hukoma mtaro unapokwisha. Kamati ya Tidy Towns haina siku ya kumaliza, maana magugu huota tena, rangi hupauka, na mpita njia hutupa kopo lingine. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, na ndipo palipohitaji chombo cha kuwashika watu mwaka baada ya mwaka.

Chombo hicho ni ripoti ya jaji. Kwa maoni yangu ndiyo nguzo ya taasisi hii, kuliko kombe na kuliko hundi. Kila kamati hupata ripoti yake, iwe imeshinda au imeshika mkia. Juu kuna jedwali: upande mmoja makundi ya alama, kisha alama za juu kabisa zinazowezekana, kisha ulizopata mwaka jana, kisha ulizopata mwaka huu. Jicho la kila mwanakamati hukimbilia safu hizo mbili za mwisho. Chini yake jaji anaeleza kwa maandishi alichokiona: ukuta wa makaburi uliosafishwa vizuri, mbao za matangazo zilizorundikana kwenye njia panda, nyumba tupu yenye madirisha yaliyovunjika, duka ambalo bado lina jina lililochorwa kwa mkono na linalostahili kulindwa. Sifa na ushauri huenda pamoja. Kamati inaweza kuongeza alama mbili au tatu tu kwa kazi ya mwaka mzima, na watu hushangilia alama hizo kwa dhati, kwa sababu wanajua kila moja imetoka wapi.

Mwaka wa kamati hupangwa kuifuata ripoti hiyo. Wakati wa baridi wanakutana ukumbini, mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wengine wachache, wanaisoma mstari kwa mstari na kugawana kazi. Huyu ataonana na mwenye jengo lililoachwa. Yule ataenda halmashauri kuulizia mapipa. Mwingine ataongea na mwalimu mkuu kuhusu watoto na bustani ya shule. Fedha huchangishwa kwa bahati nasibu, kwa kusimama na kopo mlangoni mwa kanisa Jumapili, kwa ruzuku ndogo za halmashauri. Katika majira ya kuchipua hujazwa fomu na kuchorwa ramani inayoonyesha kila mradi kwa namba, na ramani hii ni muhimu mno, kwa kuwa jaji asipoelekezwa ataupita uchochoro mliouhangaikia miezi sita.

Baada ya hapo ni kazi za jioni. Mwezi Juni jua la Ayalandi huchelewa kuzama, kuna mwanga mpaka saa nne usiku, na mtu akishatoka kazini na kula anapata muda wa kutosha kusukuma toroli. Utawaona kando ya barabara wamevaa reflekta, wameshika koleo ndefu za kuokotea takataka, mmoja anafagia changarawe, mwingine amepiga magoti anang'oa magugu kwenye kiungo cha ukuta na lami kwa kisu cha jikoni. Wengi ni wastaafu. Hilo ni jambo linalonitia wasiwasi, kwa sababu katika vijiji vingi kamati inabebwa na watu wale wale kwa miaka ishirini, na vijana wanaofanya kazi mjini hurudi usiku wamechoka. Kamati zilizofaulu kuwavuta zimeanzia kwa watoto wa shule, halafu wazazi wakafuata.

Uzuri wenyewe umebadilika sana tangu 1958. Mwanzoni ulikuwa rangi ya ukuta, ua lililonyooka, nyasi zilizokatwa chini na vikapu vya jerania na petunia vikining'inia kwenye nguzo za taa. Mwaka 1995 mashindano yalihama kutoka bodi ya utalii kwenda wizara ya mazingira, na huo ulikuwa mgeuko mkubwa, kwa sababu swali la msingi likaacha kuwa mgeni ataona nini. Mwaka huo huo Glenties, baada ya miaka 33, ikashinda kwa mara ya tano. Leo mashindano yako chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya vijijini na jamii, yakidhaminiwa na maduka ya SuperValu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na alama hugawanywa katika makundi manane, yakiwemo mipango ya jamii yenyewe, mandhari ya mitaa, wanyama na mimea ya asili, matumizi ya maji na nishati, na takataka.

Kwenye takataka kamati zilipata msaada mkubwa wa sheria. Machi 2002 Ayalandi ilianza kutoza senti 15 za yuro kwa kila mfuko wa plastiki dukani. Matumizi yaliporomoka kutoka makadirio ya mifuko 328 kwa kila mtu kwa mwaka hadi 21. Msomaji wa Kenya anayekumbuka Agosti 2017, au wa Tanzania anayekumbuka Juni 2019, anajua mitaro inavyoonekana mifuko inapoondoka. Tofauti ni kwamba sisi tulipiga marufuku na wao waliweka bei, na kwao bei ndogo ilitosha.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja na nyuki. Mwaka 2015 ulitoka mpango wa kisiwa kizima wa kuwalinda wadudu wachavushaji, kwani theluthi moja ya aina 98 za nyuki wa Ayalandi ilikuwa hatarini kutoweka. Mpango ule uliziomba kamati ziache kufanya jambo lililozipa sifa kwa nusu karne: zisifyeke nyasi kila wiki, zicheleweshe mkato wa kwanza hadi katikati ya Aprili ili maua ya njano ya dandelioni yawalishe nyuki waliotoka kwenye majira ya baridi na njaa, na ziache kunyunyiza sumu chini ya kuta. Fikiria mzee aliyefyeka kando ya barabara ya kanisa tangu ujana wake, akiambiwa sasa kwamba nyasi ndefu ndizo zenye alama. Majirani walilalamika kwamba kamati imekuwa mvivu. Kamati nyingi zilitatua tatizo kwa kufyeka ukanda mwembamba pembeni, ili ionekane kwamba sehemu ya katikati imeachwa kwa makusudi, na kusimika kibao kinachoeleza sababu. Ukanda ule mwembamba, kwangu, ni moja ya mambo ya busara kabisa katika historia hii, kwa maana umeheshimu macho ya wazee na njaa ya nyuki kwa pamoja.

Waliojiandikisha wameongezeka kutoka wale 52 hadi zaidi ya 900 mwaka 2019. Hupangwa kwa makundi ya idadi ya watu, kwa hiyo kijiji cha watu mia mbili hakipambani moja kwa moja na mji wa maelfu mpaka kwenye tuzo ya taifa, na hata hapo vidogo vimeshinda mara nyingi. Emly ilitwaa taji mwaka 2009, Abbeyshrule 2012, Birdhill 2017. Miji mikubwa nayo imepata zamu: Kilkenny mwaka 1985 na 2014, Letterkenny 2015, na Westport mara tatu, 2001, 2006 na 2008, mji uliopangwa karne ya 18 na mto wake kupitishwa katikati ya miti. Kuna pia tuzo ya juhudi, ya waliopanda zaidi kuliko mwaka uliotangulia, na naiona kuwa ya haki kuliko zote.

Mwaka 2020 corona ilisimamisha mashindano kwa mara ya kwanza tangu kuanzishwa. Yaliporudi mwaka 2021 ushindi ulikwenda Ennis, mji wa kaunti ya Clare.

Miongoni mwa washindi wa karibuni, Abbeyleix ya kaunti ya Laois inastahili kuelezwa kwa kituo. Pembeni mwa mji huo kuna kinamasi cha mboji cha hekta zipatazo 190. Mboji ya Ayalandi hukatwa, ikakaushwa, ikachomwa kama kuni, na shirika la umma, Bord na Móna, lilifanya kazi hiyo kwa mashine kwa miongo mingi, hadi lilipotangaza rasmi kuiacha mwaka 2021. Mwaka 2000 mashine zilipotaka kuingia kwenye kinamasi cha Abbeyleix, wenyeji walizizuia. Majadiliano yalichukua miaka, na mwishowe shirika lenyewe likakubali kuwakodisha wananchi eneo lote kwa miaka 50, na likasaidia kuziba mifereji iliyokuwa imechimbwa kulikausha, kwa vizuizi vidogo vya mboji kwa maelfu, ili maji yarudi juu na ile mimea midogo laini inayojaa maji kama sponji ianze kuota upya. Ikajengwa njia ya kutembea iliyoinuliwa juu ya chepechepe, na wataalamu wakaanza kupima kinachorudi.

Abbeyleix ulipotangazwa mshindi wa taifa mwaka 2023, kinamasi hicho kilikuwa kimeshaingia katika kazi za mji sawa na masanduku ya maua ya barabara kuu. Kina kamati yake, kina wanaojitolea kung'oa mimea vamizi, na kina jambo jipya la kuonyesha jaji akija tena na ramani yake.